Safu ya Pili Niliyokubali Ikatwe

Nyumbani Sakina, Jumamosi jioni

Kunda mwanangu,

Begi lako nimelifunga mwenyewe, nikalifungua mara mbili, kwa hiyo usiniulize kama taulo ipo. Ipo. Habari za kufua, za kula kwa wakati na za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua safarini umeshazisikia hadi zimekuchosha, na yale niliyosahau mimi shangazi zako wamemalizia. Sitayaandika hapa. Nina jambo moja tu, nimelikalia miaka tisa, na Jumapili iliyopita ulinifanya nishindwe kuendelea kulikalia.

Unakumbuka tulikuwa Oldonyo Sambu kwa Koko, bibi yako mzaa baba, wametupikia loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, na wamechinja mbuzi kwa ajili ya kukuaga. Mtu akakuuliza unakwenda kusoma nini huko Dar es Salaam. Ukasimama, ukatoa ile sauti yako ya kwaya: "Nakwenda kuwa injinia wa umeme kama Mjomba Zablon. Injinia kweli kweli, siyo wa kulala kwenye zamu." Watu wakacheka. Baba yako alicheka kuliko wote, hadi akapiga goti. Kisha akachukua ndoo akaenda kunywesha ng'ombe ambao binamu zako walikuwa wameshawanywesha.

Mwanangu, baba yako hakulala kwenye zamu. Hajawahi. Aliyesababisha aitwe mzembe ni mjomba wako Zablon, kaka yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwa na karatasi ya kumkanusha, nikanyamaza. Sasa kesho unakwenda kuishi kwa mjomba huyo. Siwezi kukuacha ukakae kwenye meza yake huku unamheshimu kwa uongo, na baba yako unamdharau kwa uongo huo huo.

Ulikuwa na miaka kumi wakati ule, kwa hiyo kiwanda unakikumbuka kwa sufuria zenye dosari tulizokuwa tunaruhusiwa kurudi nazo nyumbani. Sisi wote watatu tulikuwa chumba cha mitambo. Mjomba wako alikuwa mkuu wa matengenezo, ametoka kusoma ng'ambo. Mimi nilikuwa fundi sanifu, mwanamke peke yangu katika jengo lile. Baba yako alikuwa mwendeshaji wa jenereta namba mbili. Ilikuwa enzi ya mgawo wa umeme, na enzi ya kila kitu cha umma kutafutiwa mwenyewe. Sufuria za bei nafuu zilikuwa zinamiminika kutoka nje, soko letu linasinyaa, na siku moja tukaambiwa kiwanda kimepata mwekezaji. Tukapewa ovaroli mpya. Nilifurahi sana kwa sababu ya zile ovaroli, nikakuonyesha na wewe.

Jenereta tulikuwa nazo mbili. Mwekezaji alipoingia ikaongezwa ya tatu, iliyotumika, ambayo mjomba wako ndiye aliyesafiri kwenda kuichagua. Zote tatu zilifungwa pamoja zisaidiane kubeba mzigo. Tangu siku namba tatu ilipoungwa, taa za kiwanda zikaanza kupumua. Zinafifia, zinawaka, zinafifia. Mishale ya mita inakwenda mbele na nyuma, na injini zinanguruma kwa zamu kana kwamba zinajibizana. Mashine za kukandamiza bati zikawa zinaharibu kazi. Na kila aliyeingia mle ndani aliona kitu kimoja: namba mbili, ya baba yako, ndiyo iliyokuwa inayumba kuliko zote. Mshale wake ulikuwa unacheza hadi aibu.

Mjomba wako akaniita akasema, "Mdogo wangu, hebu tupime huu ugonjwa kisomi." Na alinifundisha vizuri, hilo sitamnyima. Alichora ubaoni na chaki. Akasema mitambo ikishafungwa pamoja, kuyumba kunakuwa ni mwendo wa wote. Hakuna mtambo mmoja wa kusema huu ni wangu. Yapo mambo yanayobadilika, kama kasi ya kila injini na kiasi cha mafuta kinachofunguliwa na kila gavana, kile kifaa cha kudhibiti kasi ya injini, na kila moja lina fungu lake katika mwendo ule. Fungu hilo ndilo alilotaka tulipime. Aliliita kiwango cha ushiriki.

Ili ulipate, unauliza kila kitu maswali mawili. La kwanza: kuyumba kunapotokea, wewe unayumba kiasi gani? La pili: wewe ukiguswa peke yako, kidogo tu, unaamsha kuyumba kiasi gani? Kisha unazidisha jibu la kwanza kwa la pili. Mimi nilikuwa nimeshaharibu kabla hata hajamaliza, maana nilikuwa nimepima kasi kwa mizunguko kwa dakika na mafuta kwa milimita, nikawa nalinganisha vitu visivyolingana na kutoa hukumu. Akacheka. Akanionyesha kwamba ukibadilisha kipimo, jibu la kwanza likikua, la pili linapungua kwa kiasi kile kile, ukizidisha unarudi palepale. Ukipima kwa inchi au kwa milimita, fungu ni lile lile, na mafungu yote ukiyajumlisha unapata kizima kimoja. Kunda, nilikipenda kitu kile. Nilirudi nyumbani nikamwelezea baba yako huku napika, hadi ugali ukashika chini.

Wewe ni wa kwaya, utanielewa. Ukisimama mlangoni mwa kanisa na wimbo umepotea, sauti unayoisikia imepotea ni ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo juu. Lakini anayeivuta huenda ni mmoja wa besi aliyekaa nyuma, na huyo humsikii kabisa.

Tulipima kwa wiki mbili, saa ya chakula, mashine za bati zikiwa zimesimama na mzigo umetulia. Baba yako ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Yeye alikuwa anakula mkate wake amesimama, saa mkononi. Mimi nilikuwa nazungusha skrubu ya gavana robo mzunguko na kuirudisha, mtambo mmoja mmoja, na mashine ya kuchora inaandika mistari kwenye karatasi. Naye anahesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Tatu. Imekufa, Fundi." Kazini alikuwa ananiita Fundi, na alikuwa analisema mbele ya wanaume wenzake bila kujikwaa. Tulipogusa namba mbili, yakaja mayumbo matatu, yakafa. Namba moja hivyo hivyo. Tulipogusa gavana ya namba tatu, akahesabu hadi ishirini na moja, akaacha kutafuna.

"Huyu ndiye anayetuchezesha," akasema. "Mimi nachezeshwa tu."

Ndivyo hesabu ilivyotoka. Safu ya kwanza, ya anayeyumba sana, namba mbili ilikuwa juu kwa sababu ilikuwa nyepesi, gurudumu lake dogo, inarushwa na wenzake. Safu ya pili, ya anayeamsha kuyumba, namba tatu ilikuwa juu, tena si kwa kidogo. Ukizidisha, zaidi ya nusu ya ushiriki wote ulikuwa kwenye gavana ya namba tatu. Ya baba yako ilikuwa inapata makombo. Nikachapa jedwali safi, nikampelekea kaka yangu nikiwa najisikia kama nimefaulu mtihani wa taifa.

Alilisoma mara mbili. Akafunga mlango.

"Mdogo wangu," akaniambia, "bodi hawaelewi safu mbili. Watu wa biashara wale. Wape safu moja, ile inayoonekana kwa macho."

Nikamwambia, "Lakini Kaka, ile moja peke yake inasema uongo."

"Haisemi uongo. Kila namba iliyopo pale ni ya kweli, umeipima wewe." Akainama karibu. "Namba tatu niliichagua mimi. Mwekezaji akijua nimemletea mtambo mbovu, naondoka mimi, na wewe utanifuata kesho yake. Shemeji ni fundi, hawezi kukosa pa kushika. Wakimsimamisha, mimi mwenyewe ndani ya miezi mitatu nitamrudisha. Umewahi kuona nakuahidi kitu nisifanye?"

Sikuwahi kuona. Hapo ndipo aliponishika, na alijua ananishika wapi. Mimi nilipomaliza shule, babu yako alisema msichana hapelekwi chuo cha ufundi kushika spana kati ya wanaume. Zablon ndiye aliyesimama akambishia baba yetu siku tatu mfululizo, akakataa kula hadi nikaruhusiwa. Kila skrubu niliyowahi kuishika maishani nilikuwa nadaiwa naye shukrani kwa ajili yake. Nikakata safu ya pili kwa mkasi wa ofisini, nikapiga fotokopi, nikatia sahihi. Iliniuma lakini nilijiambia ni miezi mitatu tu.

Wiki iliyofuata tukaitwa wote kantini. Ofisa utumishi akasoma majina matatu ya kuachishwa, la kwanza la baba yako. Sababu: uzembe kazini, kulala zamu na kuacha mtambo uyumbe, kwa mujibu wa vipimo vya kitaalamu. Mimi habari ya kulala sikuwa nimeiandika. Mjomba wako aliiongeza mwenyewe ili namba zipate maelezo. Nilimtazama, alikuwa anatazama viatu vyake.

Baba yako akanyoosha mkono. Hakupiga kelele. Akasema, "Mheshimiwa, fundi aliyepima yupo hapa. Tulipima wote. Aseme yeye."

Watu wote wakageuka. Kunda, nimekuwa nikikisikia kimya kile kila siku ya maisha yangu, nikiosha vyombo, nikiwa kanisani. Baba yako hakuwa na wasiwasi hata kidogo, nilimwona usoni. Alikuwa ananingojea kama mtu anayemngoja mwenzake aokote kitu kilichoanguka. Na mimi nikasema, "Ripoti ni kama ilivyosomwa."

Aliteremsha mkono polepole. Akavua ile ovaroli mpya palepale, akaikunja, akaiweka mezani, akaondoka na shati lake.

Miezi mitatu ikapita, ikawa sita. Kila nikimuuliza kaka yangu anasema nivute subira. Kisha nikasikia kwa watu, siyo kwake, kwamba amepandishwa cheo na anahamia Dar es Salaam, makao makuu. Nilimkimbilia getini na ovaroli yangu ya mafuta. Nikamwambia, "Kaka, na Baba Kunda je?" Akateremsha kioo cha gari nusu. Akasema, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu, "Mdogo wangu, ile ripoti sahihi ni yako. Ukianza kuifukua, utakayemkuta ndani ni wewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huu nilikuwa nauimba shuleni bila kujua maana yake. Mtu aliyekataa chakula kwa ajili yangu ndiye huyo huyo aliyenifundisha hesabu nzuri kuliko zote nilizowahi kujua, akanitumia hiyo hiyo kunifunga mdomo. Nimemchukia, sitakuficha. Nimemchukia akija Krismasi na zawadi zako, nikikusikia unampigia magoti ya shikamoo hadi chini, huku baba yako anapata "shikamoo Baba" ya kupita mlangoni. Nilikuwa natabasamu na kumwongezea nyama. Hata hivyo namba tatu haikubadilika. Mwaka uliofuata shafti yake ilikatika, mashine zikasimama, kiwanda kikafungwa, na vyuma vikauzwa kwa kilo. Kwa hiyo hata kile tulichokuwa tunakilinda hakikupona.

Lakini nikiishia kwa mjomba wako nitakuwa nimefanya tena kosa lile lile. Yeye ndiye anayeonekana zaidi. Gari, cheo, kioo kinachoteremka nusu. Swali la pili nimelikwepa miaka tisa: nani, angeguswa kidogo tu, mambo yote yangekwenda vingine? Zablon angesema ukweli siku ile, huenda wangeamini, huenda wangemwona mtu anayemtetea shemeji yake. Baba yako aliusema, hakuna aliyemsikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi kwenye mfuko wa ovaroli, ile safu iliyokatwa, nimeikunja mara nne. Ningenyoosha mkono tu. Fungu langu ni kubwa, Kunda, na nimelipima kwa kila kipimo ninachokijua, jibu halibadiliki.

Na kuna dogo jingine ambalo kwangu si dogo. Siku uliyorudi shuleni unalia, watoto wamekutania, ukaniuliza, "Mama, eti Baba alilala kazini?" Nilikuwa nachambua mchele. Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Ndivyo wakubwa walivyosema." Hata uongo kamili sikukupa, nilikupa nusu ya ukweli, nikakuacha umalizie mwenyewe. Ukamalizia. Tangu hapo ukaacha kumpelekea baba yako madaftari yako ya hesabu, ukawa unamsubiri Mjomba aje likizo. Mtu yule yule aliyekufundisha kuhesabu kwa nati na boliti ukiwa na miaka minne! Alisema tu, "Mtoto amekua."

Hujawahi kumsikia akinisema vibaya. Na mimi pia sijamsikia. Ameshika pampu za watu na mashine za kusaga kutoka hapa hadi Oldonyo Sambu, anarudi na grisi hadi kwenye nyusi, anakula, anauliza habari za masomo yako. Lile neno Fundi hakuniita tena tangu siku ya kantini. Nimelikosa neno hilo kuliko ninavyoweza kukueleza, na sina haki ya kuliomba.

Sikukatazi kwenda kwa mjomba wako. Chumba ameshakiandaa, na yeye ni mjomba wako, damu haioshwi kwa sabuni. Ila bweni la chuo nalo lipo, nimeshaulizia, na jina lako wameliandika. Ukifika amua mwenyewe ukiwa unajua. Safu ile ya pili nimeiweka ndani ya bahasha hii. Imechakaa kwenye mikunjo na namba zimefifia, lakini zinasomeka, na mwandiko wa pembeni unaosema "21" ni wa baba yako. Ukifundishwa jambo hili darasani, na nadhani utafundishwa, utawazidi wenzako kwa sababu umeona namba zenyewe zilitoka mikononi mwa nani.

Nilikuwa nimefika hapo, nikaona barua imekwisha. Nikaikunja, nikatoka nayo uani. Baba yako alikuwa anakaza boliti za pampu ya yule mteja wa Terrat. Nikasimama mbele yake.

"Baba Kunda," nikamwambia, "nimemwandikia mtoto. Nimemweleza habari ya ile safu, na ya kantini. Nimemwambia yote."

Akamaliza boliti aliyokuwa nayo. Akaweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Mimi, uone nilivyo, nilidhani atanishukuru.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Na mimi umeniandikia lini?"

 Nilibaki nimeishika bahasha. Miaka tisa tumelala kitanda kimoja, mwanangu, na sijawahi kumwambia hata sentensi moja kati ya hizi nilizokuandikia wewe tangu mchana. Yeye akaokota spana akaendelea na kazi, mimi nikarudi ndani kuongeza ukurasa huu.

Kesho yeye ndiye atakayekusindikiza stendi. Mimi sitakuja, usiniulize sababu mbele yake. Mwamkie vizuri, na kama utakuwa umeshaisoma barua hii mwambie umeisoma, basi, usiniombee chochote. Akirudi atanikuta nimekaa sebuleni, na ndani ya nyumba hii hakutakuwa tena na mtoto wa kumwambia badala yake.

Mama yako